Nyongeza ya Manganisi

Mimi ni mwalimu wa fizikia Timau, na yeyote aliyewahi kuketi darasani mwangu atakwambia kwamba naipenda mizani kuliko ninavyowapenda watu. Mwanafunzi akiandika jibu bila kipimo chake, namrudishia daftari. Mke wangu akinituma sukari, naenda hadi duka la mbali lenye mizani ninayoiamini, na ninarudi chai imeshapoa. Nilikuwa naihesabu tabia hiyo kuwa sifa. Aliyenitoa ushamba ni fundi wa maabara, mama mmoja aliyekuwa amebakiza majuma machache astaafu.

Wakati huo nilikuwa nasomea shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja mjini Embu. Shule zikifungwa, nilikuwa naiacha baridi ya Timau, napita Meru, nauzunguka mlima kwa upande wa mashariki hadi Embu, na kupanga chumba kimoja mtaa wa Majimbo. Kila likizo mwenye nyumba aliniuliza kama bado nachoma vyuma. Nilimjibu bado. Akanipa pole, kana kwamba nina mgonjwa hospitalini.

Vyuma vyenyewe vilikuwa aloi ya nikeli, manganisi na galiamu. Waya wa kawaida ukiukunja umekunjika. Lakini aloi hii ina sura mbili, moja ya joto na nyingine ya baridi, na inazikumbuka zote. Ikipoa vya kutosha, chembe zake hujipanga upya, zote kwa mpigo, bila kitu kuyeyuka wala kuvunjika. Ikipata joto, chembe hurudi zilikotoka. Na ikiwa katika sura ya baridi, sumaku inaweza kuirefusha na kuifupisha bila mkono kuigusa. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliinuka kitini, nikatembea uwanja mzima wa shule, nikarudi kuisoma tena.

Tatizo ni kwamba aloi tupu niliyoanza nayo haibadiliki mpaka ipate baridi kali mno, baridi ambayo hata Timau hatuna. Hapo ndipo kikolezo kinapoingia. Unapunguza manganisi kidogo, unatia shaba mahali pake, na lile joto la kubadilikia linapanda. Ukitia chuma kidogo, aloi haivunjiki upesi. Ukitia kobalti, usumaku wake unavumilia joto zaidi. Lakini hakuna kikolezo kinacholeta bila kuchukua. Shaba hiyohiyo inayopandisha joto la kubadilikia huufanya usumaku uchoke mapema, na ukizidisha unabaki na kipande kinachobadilika vizuri ambacho sumaku haikijui. Tofauti ya kufaulu na kuharibu ni ndogo kuliko chumvi unayoinyunyiza kwenye yai. Nilizungumzia mambo haya mpaka mke wangu akanipiga marufuku mezani.

Mpango wangu ulikuwa sampuli nne. Ya kwanza bila shaba, na tatu zilizofuata zenye shaba inayozidi kidogo kidogo. Tatu za mwanzo zilikuwa zimetoka vizuri, kila moja ikibadilika karibu na joto nililolikadiria. Ya nne ndiyo niliyoitamani zaidi, kwa sababu kwa hesabu zangu ingekuwa katika sura ya joto pale Embu, na kuingia sura ya baridi asubuhi ya Timau. Kipande cha chuma kinachojua kama kipo Embu au Timau! Lakini galiamu iliyobaki ilitosha sampuli hiyo moja tu, na usajili wangu chuoni ulikuwa umeongezwa kwa mara ya mwisho. Sampuli ya nne isipopatikana kabla ya mwezi kuisha, ningefutwa, na miaka yote ile ingekuwa bure.

Aliyeyeyusha vipande hivyo alikuwa yule mama. Mwanafunzi haruhusiwi kugusa tanuri la umeme. Kazi yake ni kupima madini, kuyatia kwenye visahani na kumkabidhi fundi. Yeye huyapanga ndani ya bakuli la shaba linalopozwa na maji, hufunga, hutoa hewa, hutia gesi ya agoni ili madini yasiungue, kisha huvaa kioo cheusi kama cha fundi wa kuchomelea na kuwasha. Mimi nilisimama nyuma nimekunja mikono, kama mume kwenye mlango wa chumba cha uzazi.

Alikuwa mtu wa Muthara. Mama yake aliuza maharagwe na njahi pale sokoni, na yeye alikulia chini ya meza ya nafaka. Chuoni aliingia kuosha vyombo vya kioo. Akawa anatazama, akawa anasaidia, akapelekwa kozi, na hatimaye likawa tanuri lake. Alikuwa na masikio ya ajabu. Moto ukiwaka alisikiliza kwanza, ndipo akatazama. "Hapa imeshikana," angesema, na kweli ukifungua unakuta kitonge kimoja kinachong'aa, kikubwa kama kifungo cha koti. Galiamu aliificha kwenye kabati la chini, mbali na dirisha, maana huyeyuka hata mkononi mwa mtu. Siku moja nilijidai kuishika ili niisifie, ikaanza kunitiririkia vidoleni. Alinikingia kisahani chini ya mkono, kama mtu anayemfuta mtoto uji. Hakuna hata tone lililopotea.

Basi sampuli ya nne ikatoka tanurini. Akaifunga ndani ya mrija wa kioo, ikakaa siku kadhaa kwenye joko ili madini yachanganyike vizuri, kisha nikakata kisahani chembamba kama sarafu. Nikakisugua kwa msasa wa maji nilioununua Meru mjini, kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vifaa, aliyeniuliza ni gari gani napaka rangi. Nilipomaliza, niliiona pua yangu ndani yake. Huo ndio ulikuwa mtego wangu. Ukikisugua kikiwa katika sura ya joto kinakuwa kioo. Kikiingia sura ya baridi, chembe zikijipanga upya, uso hujikunja wenyewe na kuwa na mistari ambayo macho matupu huiona. Vipimo vya mitambo vingefuata, lakini nilitaka kuona mwenyewe kwanza.

Nilikipeleka nyumbani Timau. Alfajiri nikatoka nacho hadi ukingo wa shamba la ngano, nyasi zimeganda umande mweupe, nikakiweka juu ya nguzo ya ua na kuinama. Nikaiona pua yangu. Nikangoja, nikaiona tena. Jua lilipochomoza nilikuwa bado nimeinama, na pua ilikuwa palepale, laini, haina hata mstari mmoja.

Sijui niseme nini kuhusu safari ya kurudi Embu, ila kwamba nilimpata mkosaji kabla sijafika Chuka. Hesabu zangu nilizijua. Mizani yangu niliijua. Kwa hiyo kosa lilikuwa la tanuri, na tanuri lilikuwa na mwenyewe. Hasira hasara, na mimi siku hiyo nilikuwa tajiri wa hasira.

Nilimkuta anafuta meza. Walikuwepo wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu.

"Mama, umeniharibia," nilisema. Sikumsalimia. "Nilikupa madini nimeyapima hadi chembe ya mwisho. Wewe umeyafanya nini?"

Aliacha kufuta. "Imekataa kubadilika?"

"Imebaki vilevile. Na galiamu imeisha. Kama kazi imekushinda, si ungesema tu mapema, upumzike?"

Maneno hayo niliyasikia yakitoka, na bado nilisimama nimetoa kifua. Wale wanafunzi walitazama sakafu. Yeye alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka, akaenda kabatini na kurudi na daftari la mraba lililochakaa pembeni.

"Mwalimu, mimi nilifanya kama siku zote," alisema. "Ile manganisi inapenda kutoroka. Moto ukiwaka, ingine inaenda na moshi. So mimi huwa naongeza kidogo. Nyongeza."

"Unaongeza? Tangu lini?"

"Tangu zamani. Hata hizo zako tatu za kwanza. Iko hapa yote."

Nikalichukua daftari. Ilikuwepo yote, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwa uangalifu. Kila sampuli, tarehe, manganisi niliyompa, na pembeni yake kiasi kidogo alichoongeza mwenyewe kutoka kwenye mkebe. Halafu uzito baada ya moto. Nyongeza na kilichopotea vilikaribiana, mstari baada ya mstari, miaka na miaka, kwa wanafunzi ambao wengi wao hata sikuwahi kuwasikia.

Nilikuwa nimekwisha kujua. Kwenye mkoba wangu mlikuwa na daftari langu mwenyewe. Kabla ya sampuli ya nne nilikuwa nimesoma mahali kwamba manganisi hupotea motoni, na nikajiona mjanja kweli. Nikaongeza kidogo kwenye mizani ili kufidia, wala sikumwambia mtu. Niliongeza mimi, akaongeza yeye. Sampuli yangu ilikuwa imebeba nyongeza mbili, na manganisi ikizidi namna hiyo huliteremsha joto la kubadilikia. Timau yangu yote haikuwa na baridi ya kutosha.

Nikakaa kwenye kigoda. "Mama, kwa nini hukuwahi kuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa nyongeza mtu hutangaza, mwalimu?"

Na huyo alikuwa amesema kweli tupu. Nenda soko lolote huku kwetu, Muthara au Embu. Mama akishapima maharagwe, akasawazisha kopo la gorogoro kwa kiganja, hurudisha mkono guniani na kukutupia konzi moja zaidi. Hasemi kitu. Nawe husemi. Konzi hiyo ikitajwa inakuwa sehemu ya kipimo, na mteja ataitaka nyingine juu yake. Alilelewa hivyo. Aliona madini yangu yamesawazishwa sawasawa na gorogoro, akajua hayatafika, akatupia konzi yake kimyakimya. Na mimi mpenda mizani, niliyekuwa tayari kuandika katika tasnifu yangu kwamba madini yalipimwa hadi chembe ya mwisho, nilikuwa nimefaulu mara tatu kwa sababu kuna mtu aliyenionea huruma. Mara ya kwanza nilipojitegemea ndipo nilipoanguka.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilikuwa nimemtukana, na uzazi ulikuwepo, tena mgumu.

Nilimwomba msamaha palepale, mbele ya wale vijana wawili, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomkosea. Alipunga mkono kama anayefukuza nzi. Tayari alikuwa anaupima kwa macho mtungi wa agoni.

"Hiyo kitu bado iko na wewe yote?"

"Yote, isipokuwa unga wa msumeno."

"Basi tutairudisha motoni. Si moto unakula manganisi? Tuuache ule hiyo ya pili. Tutapima kila saa tukitoa. Ikipungua kiasi ya nyongeza moja, tunaacha."

Sikuwahi kufikiria hilo. Nilikuwa nauona moto ni mwizi. Yeye aliuona kama mgeni mwenye njaa ambaye unaweza kumpakulia. Lakini agoni ilikuwa karibu kuisha, na mtungi mwingine usingefika kabla ya mwezi kwisha. Mshale wa kipimo chake ulikuwa umekaribia chini. Gesi ikikatika kabla moto haujazimwa, hewa ingeingia na kitonge kingeungua kuwa jivu jeusi.

Alinisimamisha kwenye mizani. "Kazi yako ni hiyo. Hiyo unaiweza," alisema, na sikujua kama ananitania. Akafunga, akatoa hewa, akatia gesi, akashusha kioo cheusi. Moto ukawaka, buluu ile inayouma hata ukifumba macho. Akasikiliza. Akazima upesi kuliko nilivyotarajia. Tukapima, na kilichopungua hakikufika nusu ya nyongeza. Akakigeuza kitonge juu chini, akawasha tena. Mara hii alikiacha kidogo. Tukapima, na bado. Mara ya tatu mshale wa mtungi ulikuwa umelala chini hausogei, nami nikamshika bega nikamwambia tuache, itatosha, nitaandika chochote.

"Haijatosha," alisema. "Wewe mwenyewe ndiyo hupenda kipimo."

Akawasha. Sauti ya moto ilibadilika, hata mimi niliisikia, sijui ni ya gesi au ya woga wangu. Akazima. Tulingoja kipoe. Kitonge kilitoka kikiwa cheupe, safi. Nikakiweka kwenye mizani, nikasoma tarakimu mara mbili, nikamgeuzia asome mwenyewe. Kilikuwa kimepungua nyongeza moja, na hitilafu ambayo ningemsamehe hata mwanafunzi wangu. Mtungi ulikuwa mtupu.

Siku zilizofuata, kipande kikiwa kwenye joko, nilianza kumwuliza mambo yaliyonipasa kumwuliza miaka mitatu nyuma. Kuuliza si ujinga, nawaambia watoto hivyo kila muhula. Nikamwuliza anachokipenda zaidi katika aloi hizi. Alifikiri, akasema hajui, hajawahi kuziona zikifanya kazi yake.

"Hujawahi? Umeyeyusha ngapi?"

"Nyingi. Lakini mimi napika tu, mwalimu. Zikiiva mnabeba. Mnaenda kupima Nairobi, mnaenda wapi. Mimi huwa nasikia tu kwamba ilikubali."

Alisema hivyo bila kinyongo, huku akipanga vyombo. Mimi ndiye niliyetoka nje nikasimama kwenye korido. Nilijisikia vibaya kuliko siku ile nilipomtukana.

Kwa hiyo nilipokata kisahani kipya na kukisugua hadi nikaiona pua yangu, sikukipeleka Timau peke yangu. Alikuwa na likizo aliyokuwa hajaimaliza. Mke wangu alimpokea, akampa blanketi mbili na uji mzito, na wakanisema kwa kirefu kwa Kimeru nikiwa nimeketi hapohapo.

Asubuhi tulitembea watatu hadi kwenye ile nguzo ya ua. Nilikuwa nimekibeba kisahani kwapani, ndani ya kitambaa, kisipate baridi kabla ya wakati. Yeye alikuwa amevaa sweta mbili na kofia ya mume wa baadaye wa binti yetu, kama mke wangu alivyoiita kofia kubwa ya sufi aliyoifuma bila kujua ni ya nani. Nilikifunua, nikakiweka juu ya nguzo, nikasogea kando ili yeye ndiye ainame.

Kama ingekataa, hakukuwa na galiamu, hakukuwa na gesi, hakukuwa na mwezi mwingine.

"Nimeona uso wangu," alisema. Halafu akavuta pumzi. "Mwalimu. Inakunjamana."

Nikainama kando yake. Mistari ilikuwa inatoka ukingoni, myembamba, iliyonyooka, inakimbia upande mmoja, inakutana na mingine inayotoka upande wa pili, hadi uso wake wote juu ya kile kisahani ukakatikakatika na kupotea. Nilitaka kupiga kelele. Mke wangu alipiga.

Yeye alikichukua, akakifumba kiganjani, akahesabu kimoyomoyo, akafumbua. Kilikuwa kioo. Akakirudisha kwenye nguzo, mistari ikaja palepale ilipokuwa. Akakifumba tena. Nilihesabu mara saba kisha nikaacha kuhesabu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulishika nguzo na mwingine ulishika kisahani. Miaka ile yote, nilifikiri, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kurudi kumwonyesha.

Uji ulipoa. Kisahani kile kilitakiwa kwenye vipimo, na baadaye kilikwenda, na kilikubali kila mahali. Katika tasnifu niliandika ukurasa mzima kuhusu nyongeza ya manganisi, aliyeigundua kwa mikono yake, na daftari la mraba ambako hesabu zake zinapatikana. Msimamizi wangu alisema ukurasa huo ni mrefu kidogo. Sikuupunguza.

Lakini kwenye mkoba wangu asubuhi ile mlikuwa na kipande kingine kidogo, mabaki ya msumeno, chembamba kama kucha, nilichokisugua pia bila sababu maalumu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilikitoa nikimwonyesha jinsi kinavyokatwa. Alikitazama. Kisha, mama huyo ambaye utoto wake wote aliwasikia wateja ambao konzi haijawafikia wakiomba kuongezewa mbele ya meza ya mama yake, na ambaye katika maabara ile hakuwahi kumwomba mtu kitu, alinyoosha kiganja.

"Niongezee," alisema.

Nikamwekea mkononi, bila kupima.